Ndege wa Theluji, Ndege wa Wimbi

Ukifungua kamusi utaambiwa kipupwe ni majira ya baridi ya pwani, ile miezi ya Juni hadi Agosti ambapo kusi inavuma na watu wa Lamu na Mombasa wanatafuta shuka. Lakini watafsiri walipokosa jina la baridi ya Ulaya, ile ya theluji na giza la saa kumi jioni, walilichukua neno hilohilo wakalihamishia Desemba. Sasa anayelisoma akiwa Kitale anabaki kukuna kichwa. Kwetu Desemba ni mahindi makavu, magunia yaliyoshonwa, vumbi la barabara ya Kapenguria na jua la kupasua midomo. Baridi yetu ya kweli ni Julai, mvua ikinyesha kila alasiri na Mlima Elgon umejifunika kama mgonjwa.

Nayasema haya kwa sababu nimekuwa nikisoma historia ya watu na ndege wa uani, na karibu kila ninachokipata kinaanza na theluji. Mimina mbegu, tundika mafuta, vunja barafu kwenye chombo cha maji, ndege wasife njaa. Ushauri mzuri kwa mtu wa huko. Ila kuna jambo ambalo halisemwi sana: ndege wengi wa huko hawapo kabisa wakati huo. Wako huku. Pita kwenye mashamba ya Trans Nzoia kati ya Novemba na Machi, hasa trekta inapolima kungoja mvua, na utaona korongo weupe nyuma ya plau wakiokota panzi na mabuu kama watu wanaookota masazo baada ya mavuno. Hao walianguliwa juu ya mapaa na nguzo za Poland, Ujerumani, Ukraini. Mbayuwayu waliojipanga kwenye nyaya za stima, wengi walizaliwa ndani ya mabanda ya ng'ombe kule kaskazini. Na yule mdogo wa manjano anayetembea kati ya kwato za ng'ombe huku anatikisatikisa mkia, naye ni mgeni.

Kwa hiyo ukiuliza nani anawalisha ndege wa Ulaya wakati wa baridi, sehemu ya jibu ni sisi, ingawa hakuna aliyewahi kutuuliza kama tuko tayari. Na jinsi tulivyowapokea, hao pamoja na wale wetu wa kudumu, ni hadithi yenye mshale, bunduki, kikapu na sumu. Tuanze na mshale.

Watu wa Ulaya walichukua karne nyingi kujua ndege wao huenda wapi. Aristotle aliandika kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni mpaka joto lirudi. Wasomi waliomfuata waliongeza chumvi, wakasema hulala chini ya matope ya maziwa. Kisha mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, akapigwa risasi korongo mweupe ambaye tayari alikuwa na mshale umepenya shingo. Mshale wenyewe ulikuwa na urefu wa karibu sentimita 80, na mti wake ulikuwa wa Afrika. Maana yake mtu fulani huku kwetu barani alimlenga, akampata, na ndege hakufa. Aliruka na mshale shingoni maelfu ya kilomita, akavuka jangwa, akafika nyumbani, na nyumbani ndiko wakammaliza. Walimkausha, na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock. Wajerumani walimtungia neno kabisa, Pfeilstorch, korongo wa mshale, na baadaye wakahesabu wengine zaidi ya ishirini wa namna hiyo.

Kijiji kinakumbukwa, chuo kinakumbukwa, ndege ana kioo chake na taa yake. Aliyerusha mshale hana jina. Mimi humfikiria huyo zaidi ya wengine wote. Alikuwa anatafuta kitoweo tu, kitoweo kikamtoroka na mshale wake, hasara mbili kwa siku moja, na hakujua kwamba amewajibu wasomi wa bara zima.

Mambo ya vyeti vya chuma yalikuja baadaye. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete za alumini zenye nambari. Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, aitwaye John Masefield (si yule mshairi), alimvisha mbayuwayu pete, na Desemba 1912 mbayuwayu huyo akapatikana ndani ya nyumba ya mkulima Natal, Afrika Kusini. Ndege wa gramu 20 hivi! Uzito wa barua. Ulaya ikashangaa kwa mara ya pili, safari hii bila damu shingoni.

Wakati huohuo Waingereza walikuwa wameanza mazoea mapya nyumbani. Shirika lao la kulinda ndege liliundwa mwaka 1889, na baridi kali ya 1890 hadi 1891 ilipokuja, magazeti yaliwahimiza watu wawawekee ndege makombo nje. Likawa jambo la heshima, la mwanamke mwenye bustani na mtoto mwenye huruma. Na watu wa malezi hayo ndio walioletwa Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilipowagawia wanajeshi wastaafu ardhi kwa mpango wa 1919. Reli ilipofika Kitale miaka ya 1920, nyanda ambazo Wasabaot, Wabukusu, Wapokot na Wamaasai walikuwa wakilishia mifugo na kugombania zilikuwa tayari zimechorwa kwenye ramani kwa majina ya watu wengine.

Mmoja wa hao ni Luteni Kanali Hugh Stoneham. Kama umesoma shule ya msingi Kitale lazima ulipelekwa kwenye makumbusho, ukaoneshwa nyoka na kobe, ukanunua barafu getini, ukarudi. Asili ya makumbusho hayo ni yeye. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake binafsi, na kwa miaka arobaini akakusanya vipepeo, wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya watu. Alifariki mwaka 1966, akaiachia serikali mkusanyo wake pamoja na pesa za kujengea nyumba mpya, na mwaka 1974 makumbusho ya leo yakafunguliwa, ya kwanza Kenya nje ya Nairobi na pwani.

Kanali alipenda ndege, hilo sina shaka nalo. Lakini mapenzi ya watu wa kizazi chake yalipitia kwenye mtutu. Ukitaka kumjua ndege, unampiga, unamchuna, unamjaza pamba, unamfunga kikaratasi mguuni chenye tarehe na mahali, unamlaza chali ndani ya droo pamoja na wenzake. Sibezi. Droo za namna hiyo ndizo zinazotuambia leo nani aliishi wapi kabla ya shamba kuliwa na mahindi. Ila angalia kikaratasi: kina jina la mwenye bunduki. Mikono iliyochuna, iliyojua ndege gani hulala kwenye mti gani na hulia saa ngapi, ilikuwa kwa kawaida mikono ya vibarua Waafrika, na kikaratasi ni kidogo, hakina nafasi ya majina mawili. Ni yule wa mshale tena.

Babu yangu alikuwa skwota kwenye mojawapo ya mashamba hayo. Alitoka upande wa Bungoma, kama Wabukusu wengi waliovuka kutafuta kazi katika nchi ambayo baba zao walikuwa wakiiita malisho. Sijui kama alijua ndege. Kukhu, mkewe, ndiye anayewajua, na hawapendi.

Nilipomuuliza kuhusu ndege wa uani alinitazama kama nimemuuliza habari za wezi wa uani. Yeye alikua na wimbi. Wabukusu huliita bulo, na kabla mahindi hayajatawala ndilo lililokuwa ugali, ndilo uji, ndilo busaa ya sherehe na ya kazi. Punje yake ni ndogo kama mchanga, iko wazi juu ya suke bila hata blanketi. Kwa ndege ni karamu iliyotandikwa. Kwa hiyo wimbi likianza kukomaa watoto walitolewa vitandani kabla ya jua, kwa sababu mnana na chiriku hula alfajiri na jioni, wakaketi juu ya dungu, au chini ya mti kama dungu hakuna, na kupiga kelele. Walikuwa na makombeo. Walikuwa na fimbo nyembamba unayoibandika donge la udongo mbichi nchani, ukiipunga donge linaruka kama risasi. Kukhu anasema mkono wake wa kulia bado ni mrefu kuliko wa kushoto kwa ajili ya fimbo hiyo, na mimi nimepima, si kweli.

Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo: kuamia. Kuamia ndege ni kulinda shamba wasilile. Kuna na kuwinga, ambako ni kuwafukuza tu. Ukimwambia kijana wa Nairobi leo "nilikuwa naamia ndege" atadhani umehama nyumba. Neno halikufa kwa sababu watu wameacha kujali ndege. Lilikosa kazi mahindi yalipoingia. Hindi lina maganda, punje imevishwa koti juu ya koti, na mnana na mdomo wake wa bisibisi hana la kufanya. Mahindi yalienea enzi za wakoloni na vibarua wakalipwa posho yake, lakini yaliyomaliza mchezo ni ya Kitale kwenyewe. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa pale mwaka 1956, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu chotara ya 611. Ikazaa vizuri sana. Ndani ya kizazi kimoja wimbi likabanwa kwenye kipande cha kando ya shamba, na upande wa Bungoma miwa ikachukua iliyobaki, kiwanda cha Nzoia kilipoanza kusaga mwaka 1978.

Watu huandika kuhusu mbegu hiyo kama habari ya njaa na shibe, nami nakubali. Lakini ilikuwa pia habari ya ndege na watoto. Mtoto ambaye angekuwa juu ya dungu akaenda shule. Ndege ambaye angekuwa juu ya suke akaenda, sijui, popote palipobaki nyasi za kuzaa mbegu. Uadui wa miaka mingi uliisha bila mkataba, na pande zote mbili zikasahauliana. Sisi wajukuu tunaweza kuwapenda ndege kwa sababu hatuna wimbi.

Sasa kuna ndege mmoja ambaye watu wa magharibi hawakumfukuza hata siku moja. Walimwita. Waluhya wengi humwita isindu, Wajaluo humwita aluru, na Wakenya wengine wote walijifunza kumwita kware mwaka 2013 kwa sababu nitakazozieleza. Ni ndege mfupi wa nyasini, mnene, dume lina kifua cheusi na kahawia. Huhamahama ndani ya Afrika akifuata mvua, husafiri usiku, na mvua ndefu zikianza anashuka kwenye nyasi zetu.

Njia ya kumwita ni ya akili hivi kwamba nashangaa haifundishwi popote. Unahitaji kwanza dume aliye hai, mwenye sauti. Unamweka ndani ya kikapu cha fito kilichosukwa, kikapu kimoja ndege mmoja, kwa sababu madume mawili hupigana. Unavifunga vikapu hivyo, vitano, kumi, zaidi, kwenye mti mrefu mwembamba, kimoja juu ya kingine, unausimamisha mti karibu na boma. Jioni na kabla ya mapambazuko madume yanaita, mlio mkavu wa kukatakata, na kwa sababu yako juu sauti inafika mbali. Walio angani gizani wanasikia wenzao. Wanajua: pana nyasi hapo, pana chakula, pana usalama. Wanashuka. Chini, kati ya nyasi, kuna vijia vilivyosafishwa, na kwenye kila kijia kuna tanzi.

Ukipita kijijini enzi za mvua ungeona miti hiyo ya vikapu imesimama kama milingoti ya simu. Na yule dume wa juu, mwitaji, alitunzwa kuliko kiumbe yeyote uani isipokuwa kuku (usiniambie Mluhya hajui kutunza ndege, tafadhali, muulize ingokho). Alipewa wimbi na kumbikumbi. Alifunikwa mvua ikizidi. Mwitaji hodari alikuwa na bei yake, na mwenyewe hakumla hata nyumba ikikosa mboga. Kila mwongozo wa Kizungu wa kuvuta ndege uani una mambo manne: chakula, maji, maficho, utulivu. Wazee wa isindu waliyajua yote wakaongeza la tano, kwamba ndege huamini sauti ya ndege mwenzake kuliko chakula chochote utakachokitandaza.

Halafu ikaja 2013. Kama ulikuwa Kenya unakumbuka. Ghafla mayai ya kware yalikuwa dawa ya kisukari, ya presha, ya ukimwi, ya kila kitu isipokuwa umaskini, na hata huo uliahidiwa. Yai moja likauzwa hadi shilingi mia. Wafugaji walipanga foleni za leseni za KWS. Aliyefugwa hakuwa hata isindu wetu, alikuwa kware wa Kijapani, wa kizimbani tangu enzi. Binamu yangu wa Chwele aliuza ng'ombe wawili akajenga vizimba vya mbao na waya, na kwa miezi mitatu alitembea akiongea Kiingereza. Kabla 2014 haijafika mbali soko lilikuwa limejaa, bei ikaanguka mpaka yai likawa halilipi hata chakula cha ndege, na tukala kware. Tukala sana. Vizimba vyake sasa vina sungura.

Ile ilikuwa vichekesho. Ya Bunyala haichekeshi. Kusini mwa Bungoma, kule kaunti ya Busia ambako mto Nzoia unakaribia ziwa, kuna mashamba ya mpunga yanayowavuta ndege wa majini wengi. Watafiti wa ndege wamerekodi jinsi watu wanavyowatega kwa kabofurani, sumu ya wadudu, inayotiwa ndani ya konokono. Wanachukua korongo domo-wazi walio hai, wanawafunga pale mashambani kama chambo, na wenzao wakiona kuna ndege waliotulia wanashuka kula. Nyama huuzwa kwa watu. Ni akili ileile ya isindu, ndege kumwamini ndege, lakini tanzi lilichukua mmoja mmoja na mwitaji alirudi nyumbani kula wimbi. Sumu inachukua kundi zima, na anayekula kundi hilo hajui anakula nini.

Nimetaja haya ili ushauri wowote nitakaotoa usisikike kama wa mtu aliyeanguka na parachuti. Rafiki zangu wa Nairobi wameanza kuniuliza, wakihamia Kitale au wakijenga Bungoma kwa wazazi: nifanyeje ndege waje kwangu? Wameona vile vinyumba vya mbegu vya plastiki, vinauzwa. Wengine wananunua na kumimina mbegu Desemba kwa sababu maagizo yanasema Desemba.

Desemba huku mbegu zimejaa kila mahali. Nyasi zimekauka na kupukutisha, mahindi yamevunwa na punje zimemwagika. Kinachokosekana kiangazi ni maji. Kwa hiyo weka maji. Sinia au sufuria kuukuu yenye kina cha vidole viwili, jiwe katikati ndege asimame, pahali ambapo paka hawezi kujificha karibu. Na ubadilishe kila siku, bana, hasa Bungoma, usije ukafuga mbu kwa jina la upendo. Utapata shore kwanza, ndiye mwenye ujasiri, kisha kuzumburu na mikia yao kama vijiti, kisha njiwa.

Njaa ya mbegu inakuja wakati ambao hungetarajia, mvua ikishaanza. Aprili kila kitu ni kijani na unadhani dunia imeshiba. Lakini mbegu zote zilizokuwa ardhini zimeota, na nyasi mpya hazijazaa. Ndege wanaokula wadudu wanafurahi, kumbikumbi wametoka, ila mla mbegu anazunguka uwanja wa kijani bila punje. Ukitaka kurusha wimbi konzi moja uani, rusha wakati huo. Nilimweleza kukhu jambo hili nikidhani nimemletea elimu. Akasema, "Hiyo si ndiyo miezi yetu?" Kweli. Ni wakati uleule ghala za Bungoma zinapoanza kuona sakafu, mahindi ya mwaka jana yanaisha na mapya ni majani tu. Nyumba inayopima unga kwa kikombe mwezi wa Mei haitatupa wimbi nje. Sioni haki ya kumlaumu mtu wa nyumba hiyo, na nashuku kwamba sehemu kubwa ya uhifadhi hushindwa hapohapo, kwenye kikombe.

Na bado mbegu na maji ni mapambo tu. Ndege huja kwa ajili ya miti na tindiga, na hivyo ndivyo tunavyovimaliza. Nenda Saiwa, kilomita chache kutoka Kitale. Ni mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kilomita tatu za mraba hivi, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini. Ndani yake utamsikia turako wa Ross, zambarau iliyoiva na mabawa mekundu, akibweka kama mtu aliyekabwa. Utamwona pia korongo mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda (Kiswahili kimewaita wote korongo, yeye na yule wa theluji, ingawa si ndugu). Huyu wa taji hataki mbegu zako. Anataka tindiga ya kutagia na malisho ya kutembea. Tindiga zimelimwa, zimepandwa mikaratusi inayozinywa, na tangu 2012 yeye amewekwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini. Wakulima wa Kipsaina, majirani wa mbuga hiyo, walijipanga kikundi cha kumlinda kwenye mashamba yao wenyewe, kupanda miti ya kienyeji na kurudisha tindiga. Kwangu hao ndio wafugaji bora wa ndege wa uani katika nchi hii, na hakuna hata mmoja anayefuga ndege huyo.

Sisi wengine tuna ploti. Shamba la babu lilikuwa ekari tano. Limegawanywa kwa wana wanne, na mmoja wao, baba mdogo, anataka kuuza kipande chake kwa futi hamsini kwa mia, barabara ya lami imekaribia na watu wanajenga vyumba vya kukodisha. Kwenye mpaka kati ya kipande chake na cha kukhu umesimama murembe. Huu ni mti mfupi, wenye gome la magamba na miiba, unaomwaga majani yote kiangazi kisha, ukiwa uchi, unatoa maua mekundu kama makaa. Wakati ambapo hakuna ua lingine lililobaki. Chozi wanaujua. Januari niliketi chini yake asubuhi moja nikahesabu aina nne za chozi kabla chai haijapoa, wanang'aa kama vifuniko vya soda, wanafukuzana wenyewe kwa wenyewe. Mbayuwayu walikuwa wanapita juu. Hakuna chombo cha plastiki kitakachofanya kazi hiyo.

Wabukusu waliapia murembe. Waliogombana wakikubaliana, waliukabili mti huo, na kukhu mpaka leo hawezi kuona kuni zake zikichomwa jikoni. Mnunuzi hayajui hayo, au anayajua na hayamhusu. Yeye anataka ukuta unyooke. Mpimaji alikuja Februari akapigilia vigingi, na kimoja kimeangukia upande wa pili wa shina, hatua moja, ndani ya kipande cha baba mdogo. Kukhu hakupiga kelele. Alichota maji akamwagilia mti ambao hauhitaji kumwagiliwa, mpimaji akiwa bado amesimama pale na kamba yake.

Nimempigia simu baba mdogo mara mbili. Nimemwambia tunaweza kuchanga sisi wajukuu tununue hiyo hatua moja, tumpe mnunuzi upana wake kwa upande wa chini. Akauliza kama nina pesa au nina maneno. Nikamwambia nusu kwa nusu. Akacheka, akasema tutaongea Agosti, mahindi yakiwa yamevunwa na watu wamekula.

Maua yalishapukutika. Mvua imeanza na korongo wa trekta wameondoka, kwa sasa watakuwa juu ya Sudan au wamepita.